Moshi Uliolala

Mshumaa unaozimwa kwa pumzi ya mtu hunuka mara moja, kwa ukali, halafu harufu hupanda juu na kupotea kwenye mabati. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo mpaka juzi, mchana mmoja wa mvua, jikoni kwa mdogo wangu Riziki. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, mawingu yameshuka, ndani giza kama la jioni, na binti yake wa miaka sita akaupuliza mshumaa uliokuwa mezani kwa sababu tu ulikuwa pale. Nilivuta ile harufu ya utambi, na mikono yangu ikaanza kutafuta kitu cha kushika.

Riziki alikuwa anamimina chai. Chai ya kwake huwa kavu. Mtoto aliomba maziwa, akasema kwa jirani wanatia maziwa, na Riziki akamjibu bila kugeuka kwamba katika nyumba hii maziwa hayaingii, anywe hivyo hivyo au aache. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayetaja upande wa barabara wa kupita. Mimi niliinamia kikombe changu. Sheria hiyo ninajua ilikotoka, na kwa hesabu yangu, kati ya watu waliobaki hai, ni mimi peke yangu ninayejua kwamba ilithibitishwa na mshumaa.

Nimetembea sana. Nimetengeneza redio Rutshuru, nimepika kwenye kambi za wachimbaji, nimelala katika nyumba ambazo sikumbuki rangi ya milango yake. Popote nilipofika niliuliza maswali mpaka watu wakachoka nami, kisha nikaondoka. Lakini habari hii sikuwahi kuisema yote mahali pamoja, na sasa nimechoka kuibeba kwa vipande.

Tulikaa Goma, chini ya Katindo, katika parseli, kiwanja kilichozungushiwa ukuta wa mawe meusi ya volkano, maana huku ukichimba unakutana na mlima kabla ya kukutana na udongo. Papa, baba yetu, alikuwa karani kwenye depo ya mizigo bandarini. Sisi ni watu wa upande wa Bukavu, na mwaka ule Mama alikuwa amerudi huko kumuuguza dada yake. Ili sisi watoto tusibaki wenyewe, akaja Koko, mama yake Papa. Alishuka kwenye boti na sufuria yake, vitenge viwili, na kopo la bati alimotunza rozari, picha ya Bikira Maria na mshumaa aliopewa usiku wa Pasaka parokiani kwao. Koko hakuipenda Goma hata siku moja. Alisema ni mji uliojengwa juu ya makala, yaani makaa, na kwamba hata maji yake ya mvua yana ladha ya msumari.

Nyuma ya ukuta wetu alikaa Mama Zawadi, mwanamke wa vilima vya Masisi aliyeuza maziwa. Alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi wa avenue yetu, mtaa wetu, na nguo zake zilinuka maziwa na moshi kwa pamoja, harufu ambayo hadi leo ikinipitia sokoni huniacha nimesimama. Kabla Koko hajaja, yeye ndiye aliyetufungulia mlango tukirudi nyumbani na kukuta hakuna mtu. Asubuhi nyingi alimpa Riziki kikombe cha maziwa juu ya ukuta. Koko alitazama kikombe kile kikipita na akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana, kwamba watoto wa siku hizi wanakunywa kwa mutu wasiyemujua hata nyanya yake.

Papa alikuwa ameanza kuchimba choo kipya nyuma ya nyumba. Vijana wawili walipiga mwamba kwa baramina, ile nondo nene ya kuvunjia mawe, kwa majuma mawili. Walipofika kina cha kifua cha mtu mzima wakakutana na jiwe lisilovunjika, wakaondoka hawakurudi. Shimo likabaki. Ndipo vitu vikaanza kufa mle. Kwanza mijusi, kisha kuku mwekundu wa Koko, kisha paka ambaye hakuwa wa mtu. Wote tuliwakuta wamelala chini bila jeraha, kana kwamba waliingia kupumzika.

Watoto wakubwa wa avenue walikuwa na neno lao: mazuku. Walisema mazuku inaua asubuhi, kukiwa hakuna upepo, na kwamba inawachukua wafupi. Hawakueleza zaidi. Mimi nikafikiri Mazuku ni jina la watu, ukoo fulani kama koo nyingine, unaokaa chini ya mawe na usiopenda wafupi. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa mfupi kuliko wote darasani. Kwa hiyo nikajipanga. Nilitembea kwa ncha za vidole nikipita nyuma ya nyumba. Nikioshea vyombo nje, nilipanda juu ya jiwe kubwa lililokuwa karibu na jiko, ili akina Mazuku wakitazama waone mtu mrefu.

Nilikuwa juu ya jiwe lile asubuhi Riziki alipoingia shimoni. Alikuwa na miaka minne. Mpira wake wa matambara ulikuwa umetumbukia, akateremka kwa makalio kwenye zile ngazi za mawe zilizoachwa na wachimbaji. Nilimwona akiinama kuuokota, kisha nikaona hasimami tena. Nikapiga kelele. Lakini sikushuka kwenye jiwe. Jambo hilo nimeligeuza pande zote kwa miaka mingi na bado linakaa vilevile: nilijua kwamba mimi ni mfupi, nikabaki juu.

Mama Zawadi aliruka ukuta. Nilimwona amefunga mdomo, mashavu yamejaa pumzi, macho yametoka. Aliingia shimoni, kichwa na mabega yake yakabaki juu, akamnyakua Riziki kwa mkono mmoja na kumtupa nje kama gunia, kisha naye akatoka na kuanguka magotini. Riziki alikohoa, akatapika. Alichotapika kilikuwa cheupe, kikatambaa juu ya mawe meusi na kila mtu aliyekuja mbio alikiona.

"Ni mazuku," Mama Zawadi alimwambia Koko, akihema. "Ni mazuku, mama."

Koko alikuwa na miezi miwili tu Goma. Upande wa kwao neno hilo halipo. Alisikia mizuka.

Jioni alimweleza Papa, nami nilikuwa nikichambua maharage mlangoni. Alisema mtoto alikunywa maziwa ya yule mwanamke, akatapika maziwa ya yule mwanamke, na yule mwanamke akaingia mahali wanapofia wengine akatoka mzima. "Na alitaja mizuka kwa kinywa chake. Sikumuuliza miye. Alisema yeye." Papa alisema neno ni mazuku, ni hewa ya huku. Koko akamwuliza kama amezaliwa na hewa au amezaliwa na yeye. Papa alikuwa mtu wa kunyamaza mbele ya mama yake, na nadhani nilirithi miguu yangu ya kuondoka kutokana na ukimya ule.

Watu wa avenue walijua mazuku, lakini walisema mazuku iko mahali pake, kule karibu na ziwa ambako mbuzi hufa, si ndani ya parseli ya mtu, katika shimo la juzi. Wengine walikuwa wamechoka tu kuona maziwa ya Mama Zawadi yanaisha kila siku kabla ya saa tatu. Shefu wa avenue, mzee mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, akatangaza kwamba Jumamosi asubuhi atakuja kusikiliza. Wakikubaliana kwamba ni sumu, ndivyo huku tunavyoita uchawi wa kulishwa, Mama Zawadi ahame. Na kila mtu alijua kwamba mtu aliyehamishwa kwa jina la sumu hawezi kuuza hata chumvi mji mzima.

Shule yetu ilikuwa ya masera, ndivyo tunavyowaita watawa. Madarasa yalikuwa ya mbao, na laboratwari yetu nzima, yaani maabara, ilikuwa sanduku moja la chuma ambalo Masera wa sayansi alilifungua kwa ufunguo uliokaa pamoja na msalaba wake shingoni. Alikuwa mwembamba, na aliongea taratibu kama mtu anayehesabu matone ya dawa. Siku ya kwanza aliyotutangazia kazi za mikono, kila mtoto alete kifaa, Koko alinipa jembe na ufagio, maana katika shule alizozijua yeye kazi za mikono zilikuwa kulima shamba la padri. Kumbe nyumba nyingi zilielewa hivyo hivyo. Tulifika darasa zima tumebeba majembe, fagio, mmoja ana panga. Masera, aliyekuwa na maana ya majaribio ya sayansi, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua mpini wa jembe langu, akaweka jiwe chini yake, na akaniambia mimi, mdogo kuliko wote, niinue dawati lililokaliwa na mvulana mnene wa darasa. Dawati likainuka. Mvulana akashika ukingo wa dawati na kuita mama yake. Sijawahi kuwa na nguvu kama siku ile.

Kila tulipopata jibu, Masera alisema neno moja: "Rudia." Rudia na kitu kingine, mahali pengine, mwenzako akitazama. Tulilichoka neno hilo. Tulimwiga nyuma ya madarasa, tukiweka vidole shingoni kama tunashika ufunguo.

Juma lile la Riziki, bila kujua lolote la kwetu, Masera alitoa sandukuni beseni la kioo na vipande vitatu vya mshumaa: kifupi, cha kati na kirefu. Akavisimamisha ndani na kuviwasha. Kisha akamwaga maji ya limau juu ya bikarbonate, ile inayotiwa kwenye maharage ili yaive upesi. Povu likatokota chini ya beseni. Tulisubiri. Kile kifupi kikazimika, hakuna aliyekipuliza. Halafu cha kati. Kirefu kikabaki kinawaka peke yake, kisha nacho kikainama na kufa.

Nilisimama nikasema "Mazuku," kwa sauti, bila kuinua mkono.

Darasa likacheka, Masera hakucheka. Aliniita mbele. Akachanganya tena vile vitu ndani ya jagi, akaniambia nimimine hewa iliyo juu ya povu kwenye mshumaa unaowaka, bila kumwaga tone. Nikainamisha jagi. Hakuna kilichotoka, na mshumaa ukazima. Akaeleza kwamba hewa ile ni nzito, inakaa chini kama maji kwenye beseni, na mtu mrefu anaweza kusimama ndani yake kama anayesimama ziwani, kichwa kikiwa nje. Nikayaona mabega ya Mama Zawadi yakiwa juu ya shimo. Hapakuwa na ukoo wa Mazuku. Hapakuwa na mtu yeyote chini ya mawe aliyenichukia. Nililia kidogo, na Masera akafikiri ni moshi.

Sikumwomba aje Jumamosi. Laiti ningemwomba. Lakini nilitaka niwe mimi, kama nilivyoinua dawati.

Jumamosi ilikuwa na ukungu na haikuwa na upepo hata kidogo. Shefu alikaa kwenye kiti chetu kizuri, watu wakasimama kuzunguka ukuta, Mama Zawadi akiwa peke yake upande mmoja, mikono imekunjwa. Walipoanza kuulizana nani aliona nini, niliingia ndani kutafuta mshumaa. Kabatini hapakuwa na mshumaa. Nikafungua kopo la Koko. Mshumaa ni mshumaa, nilijiambia, nta ni nta. Nikaufunga kwa waya kwenye mpini wa ufagio, nikauwasha, nikatoka nao nje.

Nilisema ninataka kuonyesha. Shefu alitabasamu, akasema tumuache mutoto wa masera atufundishe. Nikauteremsha mwali polepole. Usawa wa kifua cha mtu mzima ndani ya shimo, ulikuwa umesimama vizuri. Kiunoni ukaanza kunyooka, ukawa mwembamba, rangi ya chungwa. Chini kidogo ukazima, kama jicho linalofumbwa. Na moshi wake, jambo ambalo hata darasani sikuliona, haukupanda. Ulilala. Ulijitandaza juu ya ile hewa nzito kama shuka juu ya kitanda, ukatembea taratibu kuelekea ukuta wa shimo, mwembamba, unajipinda.

Nikageuka kwa watu nikiwa na furaha. Nikasema ni gazi karbonike.

"Karbonike ni nani?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma. "Ni mutoto wa nani uyo?"

Wengine wakacheka, lakini kwa kifupi, maana Koko alikuwa amesogea mpaka ukingoni na amepiga magoti.

"Ule mushumaa ni wa Pasaka," Koko alisema. "Ulibarikiwa. Hakuna upepo, hakuna mutu aliyepuliza. Mumeona kitu kiliuzima. Na mumeona nyoka ikitembea mule."

Nilitazama ule moshi nami nikaona jinsi mtu anavyoweza kuona nyoka. Watu walianza kufanya ishara ya msalaba, mmoja baada ya mwingine, na kurudi nyuma. Nilijaribu kusema kwamba hata mshumaa wa dukani ungezimika. Nilimtazama Papa. Papa alikuwa amesoma, aliandika vizuri, alinifundisha yeye mwenyewe kugawanya. Alinitazama pia, muda mrefu, na nilijua kwamba anajua.

"Ingia ndani," akasema.

Mama Zawadi aliondoka Jumatatu, vitu vyake vimefungwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, vidumu vitupu vikigongana. Nilisimama mlangoni. Alipopita aliniita nisogee, nikafikiri atanilaumu. Aliniambia jambo moja tu: "Usishuke mule. Ungali mufupi."

Kesho yake Papa aliomba ruhusa kazini. Alijaza shimo peke yake, jiwe kwa jiwe, tangu saa nne hadi jua lilipoanza kushuka. Sikumwona akiinama hata mara moja kwenye ukingo. Aliyatupa mawe akiwa amesimama wima, uso ameugeuzia pembeni, kama mtu anayejua hasa ni hewa gani anayoifukia.

Na Koko akasema sitarudi shule inayofundisha watoto kuzima mishumaa ya Mungu. Papa alisema itakuwa kwa juma moja. Juma likawa muhula, Mama akarudi, tukahama, kukawa na kukimbia na kurudi, na mimi nikawa mtu wa kutorudi darasani. Masera alikuja mara moja. Koko alimpa kiti na heshima zote, akabusu msalaba wake, lakini hakumpa chai. Wakati wa kuondoka Masera alinikuta kwenye lile jiwe langu. Nadhani watu walikuwa wamemsimulia. Hakunigombeza. Aliuliza, "Ulirudia?"

Nikatikisa kichwa. Akanigusa bega, akaenda zake.

Miaka mingi baadaye, nikiwa ninapita Kibati juu ya lori la makala, nilimwona Mama Zawadi pembeni ya barabara na vidumu vyake vya njano. Urefu wake haukujificha. Niliteremka, lori likaniacha. Alinikumbuka. Nilimweleza yote bila kupumua: mshumaa ulikuwa wa Pasaka, hilo ndilo lilikuwa kosa, ningechukua wa dukani wangeelewa. Alinimiminia kikombe kwanza.

"Ungeleta wa dukani," akasema, "bangesema uliununua kwangu."

Alicheka kidogo, bila meno. Nilikunywa maziwa yake yote. Sikumwambia kwamba Riziki, aliyemtoa shimoni kwa mkono wake, alikua akiambiwa kwamba mkono huo ndio uliomtia sumu. Koko alimwambia hivyo mpaka akafa. Papa hakumwambia kingine mpaka naye akafa. Na mimi nilikuwa njiani siku zote.

Kwa hiyo, juzi, mvua ikiwa inapiga mabati, niliweka kikombe chini na kumwuliza Riziki kama ana limau na bikarbonate. Alidhani ni tumbo langu. Nikamwomba na bakuli kubwa la kioo. Nilimsimulia nikiwa ninakata limau, nikianza na jiwe lile nililobaki juu yake, kwa sababu nilijua nikiliacha la mwisho sitalisema. Hakunikatiza. Alikuwa amesimama na taulo mkononi, naye sasa ni mrefu kuliko mimi, mrefu wa kumtosha mtu yeyote. Binti yake alipanda kwenye kiti ili aone.

Nilikata mshumaa wa kiosko, wa mia mbili, usio na baraka ya mtu. Nikausimamisha ndani ya bakuli, nikauwasha, nikamwaga limau pembeni. Povu likapanda, likatulia. Mwali ukanyooka, ukawa wa chungwa, ukafumba. Moshi haukupanda. Ulijitandaza ndani ya bakuli, ukalala, ukajipinda polepole ukitafuta ukingo.

"Nani aliuzima?" mtoto akauliza.

Riziki aliutazama moshi ule mpaka ukaisha wote. Aliweka taulo mezani. Akachukua limau la pili, akalisogeza mbele yangu pamoja na kisu.

"Rudia," akasema.